Bango limebandikwa kabla sijasema ndiyo

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 21, niko mwaka wa pili, nasoma shahada ya uhasibu na fedha katika chuo kikuu kimoja hapa Morogoro. Naandika haraka kwa sababu fomu za uchaguzi zinarudishwa Ijumaa ijayo, na akili yangu haitulii hata nikiwa kwenye pindi.

Tangu mwaka wa kwanza mimi ndiye CR, yaani mwakilishi, wa darasa letu. Sikuitafuta kazi hiyo. Siku ya kuchagua kila mtu aliinamia simu yake, mhadhiri akaninyooshea kidole kwa kuwa nilikaa mbele. Lakini nimekuja kuipenda. Bumu la kwanza, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilipotoka, baadhi ya wenzangu hawakuona kitu kwenye akaunti. Majina yao ya benki na yale yaliyoko Bodi ya Mikopo hayakufanana: huku Elizabeth, kule Elizabeti, huku jina la babu lipo, kule halipo. Nilikusanya vyeti vyao vya kuzaliwa na namba za NIDA, nikawa naranda kati ya dawati la mikopo na benki mpaka wote wakalipwa. Basi hata watu wa kozi nyingine sasa wananifuata. Wananiita Mama Bumu. Silipendi jina hilo, ila nimeshalizoea.

Kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma sheria, na wao wana miaka minne. Anagombea urais wa serikali ya wanafunzi. Anajua kuongea, sikatai. Aliniita kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba, akiwa na wapambe wake, akaniomba niwe mgombea mwenza. Nikamwambia nipe muda nifikiri. Jumatatu naamka, simu imejaa pongezi. Bango limeshasambaa kwenye makundi yote ya WhatsApp: sura yake kubwa katikati, yangu ndogo pembeni, picha wameichukua kwenye ukurasa wangu, ile niliyopiga sikukuu ya Idi.

Nilipomuuliza alicheka. Akasema, "Dada, siasa ni kasi. Ukikaa kufikiri wenzetu wanatangulia." Mpambe wake mmoja akaongeza kuwa bila sura ya kike hawapati kura za mabweni ya wasichana. Aliyasema hayo mbele yangu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nikisita wananikumbusha Mama Samia. Naye alianza na ugombea mwenza, leo yuko wapi? Hapo sina jibu.

Kusema kweli, Anti, mimi nilikuwa naufikiria ubunge wa kitivo chetu. Kila mwanafunzi hapa analipa mchango wa serikali ya wanafunzi pamoja na ada, kila mwaka, na tangu nije sijasikia mahesabu yakisomwa popote. Mtu anayesoma uhasibu jambo kama hilo linamwasha. Nilitaka niingie bungeni, nikae kamati ya fedha, niulize. Wao wanasema huo ni utoto, nani anaacha umakamu wa rais akaombe ubunge?

Halafu kuna fedha. Tisheti, spika na gari la matangazo, inasemekana vinalipwa na mheshimiwa mmoja wa nje ya chuo. Jina halitajwi. Nikiuliza naambiwa "ni mlezi wetu".

Nyumbani nako kumegawanyika. Mama amefurahi, ameshawaambia hadi majirani wa sokoni. Baba hataki kusikia. Yeye alikuwa mwanafunzi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990, chuo kikafungwa, wakarudishwa makwao, na mpaka leo anasema mwaka ule haukumrudia. Maneno yake ni kwamba siasa za chuo zinamla mtoto wa maskini. GPA yangu, wastani wa alama, ni 3.6. Mwaka wa kwanza nilipata sapu moja, mtihani wa kurudia, ya takwimu, nikaifuta. Baba anaijua sapu hiyo na haachi kuitaja. Nataka nimalize na daraja la pili la juu, kisha nianze mitihani ya CPA, ile ya taaluma ya uhasibu, ya bodi ya NBAA.

Nifanyeje? Na ni kweli cheo cha serikali ya wanafunzi kinasaidia kupata ajira?

Nyongeza: nakaa chumba kimoja na mpiga debe wa kambi pinzani. Tangu bango litoke hanisalimii, na akipigiwa simu anatoka nje. Nihame?

Mwenza Asiyeulizwa,
Morogoro

---

Marahaba mwanangu,

Umakamu usiuchukue. Nimetanguliza jibu kwa sababu Ijumaa haiko mbali. Sababu zangu utazisoma ukipata nafasi.

Mtu aliyekubandika kwenye bango kabla hujakubali amekuonyesha namna mtakavyofanya kazi mkishinda. Leo ametumia picha yako. Baadaye itakuwa jina lako chini ya tamko ambalo hukulisoma. Sikutishi kwa hewa: Desemba 2019 viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kushughulikia madai ya wanafunzi, na chuo kikawasimamisha masomo. Unaweza kusema walikuwa na haki, na mimi naona dai la fedha ya chakula lina haki siku zote. Ninachotaka ukione ni kwamba walio juu kabisa hubeba tamko la serikali yao. Ukiwa makamu wa rais huwezi kusema bungeni kwamba hukuulizwa. Kwa kaka huyu, kutokuulizwa kumeshaanza.

Sasa Mama Samia. Hoja hiyo ni tamu, na wapambe wote nchini wameigundua. Ila wanakusimulia nusu. Alipoteuliwa kuwa mgombea mwenza mwaka 2015 alikuwa ameingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar tangu 2000, amekuwa waziri huko, ameshinda ubunge wa Makunduchi mwaka 2010, amekuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Muungano, na mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Alikuja na mzigo wake mwenyewe. Tena Katiba ya nchi, ibara ya 37, ilikuwa imeshaandika nani anashika madaraka Rais akifariki, ndiyo maana Machi 19, 2021 aliapishwa. Wewe umeisoma katiba ya serikali yenu ya wanafunzi? Fungua sehemu ya makamu wa rais. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na katiba nilizozipitia zilikuwa na kurasa nzima juu ya rais, kisha kwa makamu sentensi moja: atamsaidia rais na kufanya kazi nyingine atakazopangiwa.

Atakazopangiwa! Kwa rais wa aina hii utapangiwa kupokea wageni, kugawa maji kwenye kongamano na kusoma salamu za rambirambi siku mwenyewe amesafiri.

Majirani zetu wa Kenya walilikabili jambo hili kwa sheria. Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2016 yanataka mwenyekiti wa wanafunzi na makamu wake wawe wa jinsia tofauti. Nia ni njema, lakini hata mtoto anaweza kubashiri mpangilio utakaopendwa: mvulana juu, msichana wa kutimiza masharti chini yake. Kisha mwaka 2021 Anne Mvurya akaigombea nafasi ya juu yenyewe pale Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza umoja wa wanafunzi wa chuo hicho. Nafasi ya kike waliyokupimia wengine na nafasi unayoitaka mwenyewe hazilingani uzito.

Usinielewe vibaya, sisemi umakamu haumfai msichana. Kaka huyu angekuja mapema, mkakaa, akakwambia mikopo na malazi vitakuwa chini yako, akakutajia mhazini atakuwa nani, akakubali wewe ndiwe utakayekwenda kwenye moja ya vikao vikubwa, ningekwambia fikiria. Vyuo vyetu vingi vina viti vya wanafunzi katika Seneti na Baraza la Chuo. Huko ndiko ratiba za mitihani, ada na malazi vinakozungumzwa, watu wazima wakiwa na makaratasi mbele yao. Mgombea anayekutaka kweli angezungumzia viti hivyo. Huyu amezungumzia mabweni ya wasichana.

Kwa hiyo chukua fomu ya ubunge, na nataka nikae hapa kidogo, maana wanakudanganya kwamba ni cheo kidogo.

Bunge la wanafunzi ndilo linalopitisha bajeti. Rais anaweza kuhutubia mpaka koo likauke, asipopitishiwa bajeti hana nauli ya kwenda mjini. Wabunge wengi hawalijui hilo, au wanalijua na wanangoja posho ya kikao. Wewe unasoma uhasibu. Utakuwa miongoni mwa wachache wanaoweza kusoma karatasi wanayoipigia kura. Omba kamati ya fedha, na usianze kwa kupiga kelele za wizi. Anza kwa kuomba makadirio yaliyopitishwa mwaka uliopita. Kisha uliza chuo kilitoa kiasi gani. Umesema mchango unalipwa pamoja na ada, maana yake fedha inapita kwanza kwa mhasibu wa chuo, na kule kuna kumbukumbu hata kama viongozi wenu wamepoteza daftari. Hapo ndipo uombe hati za malipo na risiti, ulinganishe. Tazama nauli, chakula cha vikao, tisheti, sherehe ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Na semina elekezi! Ukitaka kujua fedha ya wanafunzi imelala wapi, tangulia kwenye semina elekezi ya viongozi wapya: ukumbi ulikodiwa wapi wakati chuo kina kumbi, na waliolipwa posho ni wangapi kuliko waliohudhuria.

Inawezekana utakuta kila kitu kiko sawa na kilichokosekana ni kusomwa tu. Nayo ni habari njema, iseme hadharani. Vyovyote vile, peleka hoja moja: mahesabu ya serikali ya wanafunzi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa muhula. Moja tu. Bunge la mwaka mmoja halina muda wa hoja kumi, na hoja hiyo ikipita itabaki hata baada ya wewe kuhitimu, kwa kuwa kila mwaka wa kwanza atakayekuja atauliza karatasi iko wapi.

Kuhusu jina la Mama Bumu, lichukue kwa mikono miwili. Ndilo wanalolitaka kwenye bango lao, hiyo sura ya kike wameitia juu. Kwa fedha ya kujikimu ya shilingi 10,000 kwa siku (ilikuwa 8,500 kabla haijapandishwa), mwanafunzi aliyecheleweshewa wiki mbili ana pengo la 140,000 ambalo mama ntilie ndiye anayelibeba kwenye daftari lake la madeni. Uliowasaidia hawajasahau. Watakupigia kura bila tisheti.

Ila usiende jukwaani kuahidi kwamba ukichaguliwa bumu litawahi. Mbunge wa kitivo hana mkono Bodi ya Mikopo, na mwaka wa tatu watakucheka. Ahidi unaloliweza: kabla muhula wa kwanza haujachanganya, uombe dawati la mikopo likubali mkae nao siku chache, kila mwanafunzi mpya aje na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na kadi ya benki, majina yalinganishwe herufi kwa herufi. Kazi hiyo umeshaifanya ukiwa CR, kwa watu wachache. Sasa itakuwa ya kitivo.

Huyo mheshimiwa asiye na jina anipe nafasi ya kusema kidogo. Mwanafunzi kuwa na chama chake si dhambi. Kila mtu anajua UVCCM, vijana wa CCM, wana seneti ya vyuo, na CHADEMA wana CHASO, umoja wa wanafunzi wao. Mtu akikwambia waziwazi mimi ni wa huku na hawa wananisaidia, unajua umesimama wapi. Anayelipa gari la matangazo na kukataa jina lake lisemwe anaweka akiba, na siku ya kuitoa ataitaka kwa yeyote aliyekuwa kwenye bango. Uliza jina mara moja tu, usibembeleze.

Baba yako. Hapa nakuomba uende polepole, kwa kuwa kwa mambo aliyoyaona hajakosea. Pale Mlimani vijana walianza kulipa gharama mapema. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na yeye mwenyewe akajikata mshahara asilimia 20. Mwaka 1978 waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, wengi wakafukuzwa, na chama chao cha DUSO kikapigwa marufuku. Kilichokuja badala yake, MUWATA, kilikuwa chini ya kivuli cha chama tawala. Baba yako aliingia chuoni katika hali hiyo, mwanafunzi mwenye dai hana chombo chake cha kulipitishia, na mwaka 1990 chuo kizima kikafungwa, mwenye siasa na asiye na siasa wote nyumbani. DARUSO ilikuja baada ya MUWATA. Ukimwambia "Baba, mambo yamebadilika" utamuudhi. Muulize tu ilikuwaje mwaka ule, umsikilize mpaka mwisho. Sidhani kama amewahi kuulizwa na mtoto wake.

Kisha mwonyeshe unachokiomba. Msomee ibara ya bunge kutoka kwenye katiba yenu, mtajie vikao ni vingapi kwa muhula, mtajie mitihani iko lini. Kinachowala wanafunzi viongozi siku hizi mara nyingi ni kidogo na hakitangazwi redioni: jaribio lililokosekana kwa sababu ya kikao, kazi ya kikundi iliyoandikwa na wengine, utafiti wa mwaka wa tatu uliokusanywa bila kusomwa. Katika mizani ya alama tano tunayotumia, daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Wewe una 3.6. Ukiteleza kidogo tu, daraja limeondoka. Makamu wa rais huitwa saa yoyote, hata usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kwa kuwa bweni fulani halina maji. Mbunge anaweza kupanga. Hiyo hesabu baba ataielewa haraka kuliko hotuba yoyote, na ile sapu itaje wewe kabla yeye hajaitaja.

Mama naye mpigie leo. Asije akayasikia kwa majirani haohao aliowatangazia.

Uliuliza kuhusu ajira. Serikalini utaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, utakaa kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, na karatasi ile haina alama za umakamu wa rais. Kwenye kampuni za ukaguzi wa hesabu watakuita kwa GPA kwanza, kisha kwenye usaili wa mdomo atatokea mtu mmoja akuulize, "Ukiwa kiongozi ulifanya nini?" Hapo ndipo vyeo vingi vinapokatika sauti. Aliyekuwa waziri wa michezo wa mwaka mzima anaanza kueleza muundo wa wizara. Wewe ukisema kamati yenu ililinganisha makadirio na malipo, mkakuta tofauti ya kiasi fulani, mkapitisha mahesabu yabandikwe, atakuuliza swali la pili na la tatu, na mazungumzo yatakuwa ya kihasibu.

Na ukishindwa ubunge? Inawezekana, wapambe wana hasira. Uhazini wa TYCS ya wanafunzi Wakatoliki au CASFETA ya wanafunzi Wapentekoste, au wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu ambako nadhani ndiko uliko, ni kazi ya fedha halisi na watu wanaodai maelezo kila Ijumaa au Jumapili. Kwa maoni yangu inafundisha kuliko nusu ya baraza la mawaziri la chuo. Chama cha wanafunzi wa uhasibu vilevile. Hata Mlimani ya zamani, USARF, kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoanza 1967, hakikuwa serikali ya wanafunzi. Kilikuwa na mijadala na jarida lake, Cheche, kikapigwa marufuku mwaka 1970. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni. Sijasema uige yaliyofuata.

Tuje kwenye kazi ya leo usiku. Mwandikie kaka ujumbe wa maandishi, usipige simu, atakuzungusha. Andika hivi: "Kaka, asante kwa kunifikiria. Sikukubali kuwa mgombea mwenza na sitakuwa. Naomba bango lenye picha yangu liondolewe leo kwenye makundi yote, na utangaze kuwa lilitolewa kabla sijakubali. Nakutakia kampeni njema." Usiongeze sababu. Ukitaja sababu moja atakuletea majibu matatu. Kabla ya kuutuma, piga picha ya skrini ya bango na makundi liliko. Kesho asubuhi peleka barua fupi tume ya uchaguzi ya wanafunzi, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, ikisema hukuridhia na hukusaini fomu yoyote ya umakamu. Fanya hivyo hata bango likiondolewa usiku huohuo, maana katika uchaguzi kilichoondolewa kinarudi.

Watasema umenunuliwa na kambi nyingine. Basi usionekane kwenye kambi nyingine, hata kunywa soda. Na usimpige vijembe kaka huyu kwenye kampeni zako. Huenda akashinda, na wewe ndiye utakayeikagua bajeti yake. Asipate pa kusema kwamba una kisasi. Akishinda akakuita akupe uwaziri wa mikopo, mshukuru, ubaki bungeni. Waziri anaondolewa kwa neno moja la rais, mbunge ana watu waliomchagua.

Fomu ya ubunge uisome yote kabla ya kuijaza. Angalia sharti la GPA na kama katiba yenu inasema lolote kuhusu mtu aliyewahi kupata sapu, ili usije ukaenguliwa siku ya mwisho kwa jambo lililokuwa mkononi mwako. Wadhamini tafuta wa kozi tofauti, wachache zaidi ya idadi inayotakiwa, maana yupo atakayetishwa akajitoa. Irudishe Alhamisi, usingoje foleni ya Ijumaa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Chumba usihame. Katikati ya muhula vitanda havipatikani, na kupanga nje ya chuo kutakumalizia hilo bumu unalolipigania. Mwenzako alifungua simu asubuhi akakukuta upande wa pili bila wewe kumwambia, naye ananuna kama yeyote angenuna. Mwonyeshe ujumbe uliomtumia kaka, umwambie na ya ubunge ayasikie kwako. Asipolegea, vaa hedifoni upige msuli wa kusoma. Atakusalimia mwenyewe siku atakapotaka madesa ya kusomea.

Anti